Kengele Niliyoiloweka kwenye Mrututu

Katika mtihani wa kemia wa darasa la kumi nilipata alama nzuri kuliko wenzangu wote. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo jambo la pekee la kujivunia katika habari hii, na hata hilo lina walakini wake, kama msomaji atakavyoona.

Jambo la pili la kusema mwanzoni ni kwamba miaka ile baba yangu alikuwa akichunga ng'ombe kwa masikio. Ukungu mweupe ulikuwa umeingia machoni mwake pole pole, miaka miwili au mitatu kabla, na aliyejua alikuwa mama peke yake. Alikuwa bado anaona mchana na usiku, anaona kivuli cha mtu mlangoni, lakini uso wa mtu huyo hauoni. Kwetu, upande wa Samuye, mwanamume asiyeona alipewa kigoda. Alikalishwa uani pamoja na kuku, akaletewa uji, na ng'ombe wake wakaondoka asubuhi nyuma ya fimbo ya mtu mwingine. Watu walimpenda na kumsemesha kwa upole, na baba aliuogopa upole huo kuliko fisi.

Angekuwa na vijana nyumbani, labda angejificha nyuma yao. Lakini mimi nilikuwa shule ya bweni, safari ya treni kutoka Shinyanga, na kaka yangu mkubwa alikuwa Geita akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo baba alichunga mwenyewe, na watu walimsifu kwa bidii yake. Kilichomwezesha ni kengele.

Ilikuwa kengele ya chuma, imekunjwa na wahunzi wa huko huko upande wa Geita zamani baba alipokuwa kijana, nyeusi, mbaya kuitazama, na ukubwa wake ulikuwa kama ngumi mbili. Ndani yake ulining'inia ulimi wa chuma kwa waya mwembamba. Ilivaliwa na ng'ombe mmoja jike, mweusi mwenye paji jeupe, ambaye wenzake wote walimfuata. Kengele ikigonga haraka, kundi linatembea. Ikigonga pole pole, wanakula. Ikinyamaza kisha ikagonga mara moja, amelala anacheua na amefukuza nzi. Baba aliifuata sauti hiyo kutoka zizini mpaka mbugani na kurudi, akipiga mluzi, fimbo begani, kama mtu anayeona mpaka Mwanza.

Mimi sikujua lolote la haya. Nilikuwa najua kemia.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi mpaka likafanana na kichujio. Alitufundisha kwamba mambo yote yanayotokea kati ya vitu, ukiyapanga vizuri, yanaingia kwenye makabati manne. Kabati la kwanza ni vitu kuungana: chokaa iliyochomwa ukiimwagia maji, vinashikana kwa hasira mpaka maji yanachemka bila moto. La pili ni kitu kutengana: alichukua unga mwekundu, akauchoma ndani ya kioo, vikatoka vitone vya zebaki vikikimbizana, na hewa iliyowasha tena kijiti kilichokwisha kuzimika. La tatu ni kitu kimoja kumwondoa mwenzake kitini. La nne ni vitu viwili viwili kubadilishana wenzi.

Hili la nne tulilipenda sana, kwa sababu tulikuwa wavulana wa miaka kumi na saba. Mwalimu alituacha tucheke, kisha akasema, "Mkimaliza kucheka, semeni nani amebaki na nani. Asiyeweza kusema alicheka bure."

La tatu alilionyesha kwa msumari. Alitumbukiza msumari wa chuma kwenye maji ya buluu, akahesabu mpaka mia moja, akautoa. Ulikuwa mwekundu, umevaa shaba.

"Ndani ya haya maji," alisema, "shaba ilikuwa imekaa kitini. Chuma kina nguvu kuliko shaba. Kimemwondoa shaba, kimekaa chenyewe. Shaba ametoka nje, hana pa kwenda, ameng'ang'ania mlangoni. Sasa andikeni. Kushoto mlichoanza nacho, katikati mshale, kulia mlichomaliza nacho. Na kila kilichoko kushoto nataka nikione kulia. Hapotei mtu."

Niliandika. Niliandika vizuri, kwa Kiingereza, na mshale wangu ulikuwa umenyooka. Lakini kichwani nilibaki na msumari mwekundu tu. Chuma kilichoingia majini sikukifuata kwa mawazo hata hatua moja.

Maji yale ya buluu yalinishangaza kwa jambo lingine. Mwalimu alipotuonyesha chupa yenye vijiwe alivyovikoroga, nilivitambua. Ulikuwa ni mrututu, dawa ile ile ambayo bibi yangu, mama yake baba, aliinunua kwa Mhindi mjini na kujipaka kwenye kidonda cha mguu. Miaka yote ile kemia ilikuwa ikikaa ndani ya kitambaa chini ya kitanda cha bibi.

Basi nilirudi likizo ya kiangazi nikiwa mtu hatari.

Siku ya kwanza nilimwonyesha mama kabati la kwanza. Chokaa niliyotoka nayo mjini niliimwagia maji kwenye kigae, ikafoka na kutoa moshi, na mama akasogea nyuma hatua tatu.

"Na hicho tunakula lini?" aliuliza.

"Hakiliwi, mama."

"Maji yamechemka bila kuni na hakuna cha kula. Haya."

Siku ya pili nilimwonyesha bibi kabati la nne. Niliomba vijiwe viwili vya mrututu wake, nikavikoroga kwenye maji. Katika kikombe kingine nikakoroga magadi ya kupikia mlenda. Nikamimina kimoja ndani ya kingine. Maji mawili mazuri, yote mawili unaona mpaka chini, yalipokutana yakakatika kama maziwa, mabonge ya rangi ya nyasi changa yakashuka.

Bibi aliinama akatazama muda mrefu. Kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu wake mume, na yeye hakuacha nafasi hiyo ipite.

"Mume wangu," alisema, "nilikuwa na dawa ya kidonda na magadi ya mboga. Sasa nina nini?"

"Una mashapo ndani ya kikombe, bibi. Hawa wawili wamebadilishana wenzi."

"Na kila mmoja amepata mke mbaya kuliko wa kwanza. Ndiyo mnayosoma huko kwa karo ya ng'ombe wa baba yako?"

Mama alicheka mpaka akaweka chini ungo. Mimi nilicheka pia, lakini nilichomwa kidogo. Nilitaka kuwaonyesha kitu kitakachowafunga midomo, na kilichobaki kilikuwa kabati la tatu. Msumari haukutosha, msumari ni kitu kidogo, watu wangesema haya, na nyundo iko wapi. Nilitafuta kitu cha chuma cha heshima.

Ndipo ikatokea baba akaitwa kwenye msiba wa binamu yake, siku mbili kwenda na kurudi. Aliniachia ng'ombe. Asubuhi ya kwanza nilimvua yule mweusi kengele, nikaenda naye malishoni shingo tupu. Nilichunga siku nzima bila kengele na sikupata taabu yoyote, kwa sababu nilikuwa na macho mawili mazima. Ng'ombe akienda kushoto, nilimwona anakwenda kushoto. Nilijiambia kwamba kengele ni pambo.

Pambo hilo lilikuwa nyumbani, ndani ya chungu cha mama cha mlenda, limezama kwenye mrututu wote wa bibi. Mwalimu alihesabu mpaka mia moja. Mimi nilifikiri hivi: kama mia moja inatosha msumari mwembamba, kengele nene inahitaji siku. Na nikiongeza siku ya pili, shaba itakuwa nene mara mbili. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, kichwani, nikitembea nyuma ya ng'ombe, na niliipenda.

Nilipoitoa ilikuwa nyekundu tangu juu mpaka chini. Niliifuta kwa majivu na kitambaa, ikang'aa kama jua la saa kumi na mbili. Maji ya chungu yalikuwa yamepoteza buluu yake, yamekuwa ya kijani hafifu, yaliyochoka. Niliyatazama, nikayabeba, nikayamwaga nyuma ya zizi. Kama ningesimama hapo na kujiuliza ile kijani imetoka wapi, habari hii isingekuwapo.

Baba alirudi jioni, akakaa kunywa maji. Nilimwekea kengele mikononi mbele ya mama, bibi na majirani wawili waliokuja kumpa pole ya msiba.

"Ni shaba," nilisema. "Nimeibadilisha."

Majirani waliipitisha mkono kwa mkono. Mmoja wao, mzee mnene mwenye malisho yaliyopakana na yetu, aliigonga kwa ukucha. "Mtoto huyu," alisema, "tumpe jembe langu. Tumpe na meno yangu."

"Meno huna," bibi alimjibu.

Baba aliizungusha kengele vidoleni kama mtu anayetafuta mbegu ndani ya boga. Akaipeleka puani. Kisha akaitikisa sikioni, mara moja, mara mbili. Nami nilisikia, nikajifanya sikusikia: ile sauti kali ya zamani haikuwapo. Kengele ilikohoa.

"Ina mafua," baba alisema.

"Itazoea, baba. Ni ngeni."

Aligeuza uso kuelekea kwangu. Leo najua kwamba alikuwa anapima vitu viwili: sauti ya kengele yake na sauti ya mwanawe aliyejaa furaha. Alichagua kuniridhisha. "Ni nzuri," alisema. "Nimesikia kila mtu anasema ni nzuri." Asubuhi aliifunga shingoni mwa yule mweusi, akaniambia nibaki na vitabu vyangu kama kila likizo, akaenda peke yake.

Siku tatu ilikohoa. Siku ya nne waya uliobeba ulimi, ambao mrututu ulikuwa umeula mpaka ukabaki unene wa unywele, ulikatika mbugani. Ulimi ukaanguka nyasini, na kengele ikanyamaza.

Sasa lazima nieleze ngitili, kwa sababu kuna wasomaji wa mijini. Ngitili ni malisho ambayo mtu huyafunga tangu masika. Hakuna mnyama anayegusa hapo, hata wake mwenyewe, mpaka kiangazi kiumize, ndipo ng'ombe dhaifu na ndama wanafunguliwa. Haina waya wala ukuta. Mpaka wake ni kichuguu hiki, mti ule, njia ile ya miguu, na kila mtu anauheshimu kwa kuuona tu. Kuilisha ngitili ya mwenzako ni wizi wa aina ya aibu, maana umemwibia mtu kitu alichokuwa akikitazama miezi sita bila kukigusa.

Ngitili iliyopakana nasi ilikuwa ya yule jirani mnene. Ng'ombe mweusi, ambaye hakuwa na haya, alinusa nyasi ndefu na kwenda. Wengine wakamfuata. Baba alisimama mbugani akisubiri kengele igonge, haikugonga. Akaenda upande aliodhani. Mwishowe akasikia midomo: ng'ombe thelathini wakikata nyasi kwa pamoja, ile sauti nzuri kama watu wanaopasua kitambaa. Akasema moyoni, wanakula, hawana neno, kengele imezibwa na matope. Akakaa chini, akatoa kiko chake, akaanza kupiga mluzi. Alikuwa katikati kabisa ya nyasi za jirani.

Jirani alimkuta hapo. Yaliyosemwa tuliyasikia kesho yake, kwenye ua wa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, ambako shauri liliitwa. Jirani alisimulia amesimama, mikono ikipepea.

"Nimemkuta amekaa. Amekaa kabisa, miguu ameinyoosha. Nikasimama mbele yake nikasema, ndugu yangu, hapa unafanya nini? Mnajua alivyonijibu? Alinisalimu. Akaniuliza habari za watoto. Halafu akaniambia, karibu, kaa." Akawageukia wazee. "Nimekaribishwa kwenye nyasi zangu."

Ua mzima ulicheka, hata mwanangwa alikohoa ndani ya kiganja. Baba naye alitabasamu kidogo. Niliona kwamba jirani hakuwa na chuki. Alikuwa na kisa kizuri na alitaka dume la kula wazee, ndiyo faini ya kosa hilo.

"Uliuona mpaka?" mwanangwa aliuliza baba.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya wanawake. Jioni ile ile baba aliporudishwa, tulipokuwa tunatwanga pamoja, alikuwa ameniambia yote: macho, ukungu, kengele, miaka miwili ya kujificha. Aliniambia huku akitwanga, ili mapigo ya mchi yafunike maneno. "Hili ni la ndani," alisema. "Likitoka, baba yako amekwisha." Nilimwambia nimesikia. Naliandika hili ili msomaji asinipe udhuru wa kutojua. Nilijua.

"Niliuona," baba alijibu. "Nyasi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, nikaona wivu. Dume nitalitoa."

Minong'ono ilipita. Mtu wa heshima aliyekiri wizi wa nyasi bila hata kusingizia ng'ombe. Mzee mmoja wa kando alitikisa kichwa akasema kwa Kisukuma kwamba hajasikia kitu kama hicho. Mwingine akasema, ndiyo maana anachunga mwenyewe, hataki mtu aone anapolisha. Hapo wakacheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa na meno.

Neno hilo lilinichoma. Baba yangu anaitwa mwizi, na sababu yote naijua mimi, na naweza kuieleza kwa mpangilio mzuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa uani pale. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa kaptula ya shule.

"Wazee, shikamooni," nilisema. "Kosa si la baba. Ni langu."

Nikaeleza. Nikaanza na mwalimu na kiti, chuma na shaba. Nikawaambia kwamba shaba ilipotoka majini, chuma cha kengele kiliingia majini badala yake, kidogo kidogo, siku mbili, mpaka waya ukabaki ngozi. Hapo hapo, nikisema hayo kwa Kiswahili changu cha kuchanganya na Kisukuma, ndipo nilipoyaelewa kwa mara ya kwanza. Upande wa kulia wa mshale ulikuwa umenijia, nikafurahi kama mjinga. Wazee walinisikiliza kwa makini sana. Nilikuwa nafundisha. Na mtu anayefundisha vizuri hapendi kuacha hatua yoyote.

"Kwa hiyo ulimi ukaanguka," nilisema, "na kengele ikanyamaza, na baba hakuweza kujua wako wapi, kwa sababu haoni. Anawafuata kwa kengele."

Kuku mmoja alipita katikati ya ua akidonoa, hakuna aliyemfukuza.

Baba aligeuka. Hakunitazama mimi, alitazama mahali sauti yangu ilipotokea, kidogo pembeni ya bega langu, na safari hii kila mtu aliona kwamba ni pembeni.

Jirani ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imeteremka, laini, kama anaongea na mgonjwa. "Kumbe ndugu yangu," alisema. "Ungeniambia. Nyasi ni kitu gani? Walishe. Dume la nini, jamani, hakuna dume."

Wazee wote wakaitikia kwamba hakuna dume. Mmoja akainuka akamshika baba mkono ili amwongoze mpaka kwenye njia, njia ambayo baba alikuwa akiipita peke yake tangu kabla mzee huyo hajaoa. Baba akakubali kuongozwa. Nilikuwa nimemtoa kwenye kiti cha mwizi, na nilikuwa nimeshamwekea tayari kigoda.

Tulipofika nyumbani bibi alikuwa amekwisha kusikia, habari ilitangulia. Hakuniita mume wangu siku hiyo. Aliniita kwa jina langu la shule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama alikichukua kile chungu cha mlenda, ambacho hata hivyo hakuwa amekubali kukipikia tena, akakivunja mlangoni. Nilivikusanya vigae mimi mwenyewe.

Ndani ya mwezi kaka yangu aliitwa kutoka Geita. Alifika na buti za mgodini, na kofia ngumu ambayo sidhani kama aliruhusiwa kuondoka nayo, akachukua fimbo. Alikuwa na hamu ya kupanda cheo kule. Walikuwa wameanza kumwachia kazi za maana. Kwa miaka mingi baadaye, kila aliponitambulisha kwa mtu, alisema, "Huyu ndiye mdogo wangu aliyesoma. Mimi nilikuwa nachimba dhahabu, akanigeuza mchunga ng'ombe. Kemia." Watu walicheka. Yeye alicheka pia, na sikuweza kamwe kujua ni kwa kiasi gani.

Lakini nataka kumalizia na siku ya mwisho ya likizo ile, kabla sijapanda treni. Baba alikuwa kigodani, uani, na kuku walikuwapo kama alivyoogopa. Nilienda kumuaga. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha, marefu. Hakunipa nafasi.

"Kaa," alisema. "Ule mtihani wako, ulipata alama nzuri?"

"Nzuri, baba."

"Hili la kengele lilikuwemo?"

"Lilikuwemo. Lilikuwa swali la tatu."

"Ukajibu nini?"

Nikamtafsiria kwa Kiswahili nilivyoandika: chuma kikiwekwa kwenye mrututu, chuma huenda majini na shaba hutoka.

Alifikiri. "Kwa hiyo ulijua chuma kinakwenda majini."

"Niliandika tu, baba. Sikujua."

"Wakakupa alama."

"Wakanipa zote."

Mabega yake yalianza kutikisika, na nilidhani analia, mpaka nikasikia ni kicheko. Alicheka pole pole, kwa muda, akajifuta macho yale yasiyomsaidia kitu.

"Na maji yale," aliuliza, "yenye chuma changu. Yako wapi?"

"Niliyamwaga, baba."

"Wapi?"

"Nyuma ya zizi."

"Basi kengele yangu iko nyuma ya zizi," alisema. "Haijapotea. Haya nenda, treni haikungoji."

Nilidhani ni mzaha wa kunifungulia njia. Lakini likizo iliyofuata nilipofika, jioni, wakati ng'ombe wanarudi, sikumkuta baba kigodani. Alikuwa amesimama nyuma ya zizi, pale pale, mkono mmoja kwenye miti ya uzio. Kaka alikuwa anawaingiza ng'ombe. Yule mweusi alikuwa amevaa kengele mpya ambayo kaka alikuwa ameileta, na ilisema kitu kingine kabisa, sauti nyembamba ya mji. Baba hakuijali. Alisikiliza kwato zikipita, moja moja, midomo yake ikihesabu.

"Amebaki mmoja," alimwambia kaka. "Yule mwenye kwato iliyopasuka."

Kaka alisema wote wameingia. Baba akasema hawajaingia wote. Kaka akahesabu upya, akachukua fimbo, akarudi mbugani akinung'unika, na mimi nikamfuata, kwa kuwa macho nilikuwa nayo na ilionekana ni haki yatumike.